Maji ya rejeta yanapungua na hayaonekani yanakokwenda: uchague kipimo kipi?

Gari halichemshi. Asubuhi chini ya injini ni pakavu. Lakini kila ukifungua boneti baada ya wiki mbili unakuta maji yameshuka, unaongeza, unafunga, unaondoka. Ukiuliza mafundi watatu utapata majibu matatu: mmoja atasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, wa pili atasema rejeta imeoza, wa tatu atakupa chupa ya dawa ya kuziba umimine uone. Kwenye majibu yote matatu hakuna aliyepima. Kushusha silinda hedi ni kazi ya siku kadhaa na pesa nyingi, na yapo magari yaliyoshushwa hedi kumbe kilichochoka ni mfuniko wa rejeta.

Vipimo vipo, na vingi havihitaji gereji kubwa. Ugumu uko kwenye kuchagua, maana kila kimoja huona aina fulani ya uvujaji na hakioni nyingine. Hapa tunalinganisha vitano: kufuatilia kiwango na kukagua kwa macho, pampu ya presha, rangi ya kung'aa na tochi ya UV, kipimo cha kemikali cha gesi, na kupima silinda kwa upepo.

## Njia nne za kupotea

Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Ukiwa mzima, unaweza kukaa miezi mingi bila kuongezwa hata kikombe. Maji yakipungua, yamepita mojawapo ya njia nne.

Ya kwanza ni kuvuja nje na kudondoka: hozipaipu, rejeta, wota pampu. Ya pili ni kuvuja nje lakini yakakauka kabla ya kufika chini, kwa sababu yanaangukia bloku au ekzosi yenye moto. Ya tatu ni kuingia ndani: kwenye silinda na kutoka kama mvuke, kwenye oili, kwenye gia boksi ya otomatiki kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta, au kwenye kiini cha hita na kulowesha zulia la miguuni. Ya nne ni mfuniko. Springi yake ikilegea huachia mapema, na maji hutoka kwa mvuke au humwagika kupitia chupa ya akiba ukiwa barabarani. Ukifika nyumbani hakuna dalili.

Gari lililobadilishiwa maji au kufunguliwa hozipaipu karibuni linaweza kushusha kiwango siku chache za mwanzo, maana hewa iliyonaswa inatoka na maji yanachukua nafasi yake. Huko kushuka usikuhesabu. Hesabu kinachotokea baadaye.

## Tunalinganisha kwa vigezo gani

Swali la kwanza ni njia ipi kati ya hizo nne kipimo kinaweza kuiona. La pili, kinafanyika injini ikiwa baridi au ya moto, kwa sababu upo uvujaji unaoonekana baridi tu na upo unaojitokeza chuma kikishatanuka. Kisha vifaa na muda. Kisha, na hapa ndipo pesa hupotea, kinapodanganya: kinasema "zima" kumbe bovu, au "bovu" kumbe zima. Mwisho, kinamfaa nani.

Kabla ya chochote: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha hubaki maji hata yakizidi nyuzi 100, na ukiachia presha huchemka papo hapo na kuruka usoni. Subiri mpaka hozipaipu ya juu ishikike kwa mkono bila kukuchoma. Kulanti, yaani maji ya rangi ya kupozea injini, nayo ni sumu, na ile ya ethilini glaikoli ina ladha tamu inayovuta mbwa na watoto, kwa hiyo unayoikinga usiiache kwenye beseni uani.

## 1. Kufuatilia kiwango na kukagua kwa macho

Kinachoona. Njia ya kwanza vizuri, ya pili kwa kiasi, na mara nyingi mfuniko mbovu. Cha maana zaidi, kinakupa kasi ya upotevu, na bila kasi hiyo vipimo vingine unavifanya kwa kubahatisha.

Unavyokifanya. Asubuhi, injini baridi, gari mahali tambarare. Kama gari lako lina mfuniko juu ya rejeta yenyewe na chupa ya plastiki pembeni, fungua mfuniko wa rejeta uhakikishe maji yamefika shingoni. Kuangalia chupa peke yake hakutoshi. Chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ina pengo, kwa sababu vali ndogo katikati ya mfuniko haivuti maji kurudi injini ikipoa, au kile kimpira chembamba cha kwenda kwenye chupa kimepasuka na kinavuta hewa. Ukikuta hivyo, umeshapata pa kuanzia. Magari mengi ya Ulaya hayana mfuniko kwenye rejeta. Chupa yao yenyewe iko chini ya presha, na alama zilizochorwa juu yake ndizo za kufuata.

Bandika kipande cha selotepu kwenye chupa, chora mstari kwa maka peni, andika kilomita za dashibodi. Ukiongeza, ongeza kwa kipimo: bomba la sindano la mililita 50 au chupa ya nusu lita. Baada ya wiki mbili utajua ni mililita ngapi kwa kilomita mia. Maji yakipungua zaidi safari za mlimani kuliko za mjini, shuku presha na joto. Yakipungua hata gari likiwa limepaki, mara nyingi ni uvujaji wa nje.

Kisha tafuta alama. Kulanti nyekundu au ya waridi inayovuja polepole huacha ukoko wa waridi, ya kijani huacha unga wa kijani kibichi au mweupe, na maji matupu huacha michirizi ya chokaa au kutu. Angalia pale tangi la plastiki la rejeta linapobanwa kwenye alumini, chini ya kila klipu, kwenye kizibo cha kumwagia maji, na chini ya wota pampu penye kitundu kidogo kilichowekwa makusudi. Sili ya pampu ikichoka, maji hutokea hapo. Unyevu kidogo uliokauka si hukumu, ila ukoko mnene wenye mchirizi mpya ni hukumu. Ndani ya gari, papasa zulia chini ya dashibodi, nusa kama kuna harufu tamu hita ikiwashwa, na angalia kama kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta usiotoka kwa kitambaa kikavu.

Kinapodanganya. Maji ya AC yanayodondoka chini ya gari ni masafi, hayana harufu wala utelezi. Watu wengi wametafuta uvujaji kwa sababu yake. Upande wa pili, anayetumia maji matupu hatapata ukoko wa rangi, na uvujaji unaokauka juu ya ekzosi unaweza usiache kitu. Ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili nao si ushahidi tosha: gari la safari fupi kwenye baridi hukusanya unyevu pale. Ute huo ukiwa kwenye dipstiki ndiyo habari nyingine.

Kinamfaa nani. Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Kinamtosha peke yake yule ambaye gari lake linapoteza kidogo sana, geji ya joto haipandi, na ana wiki mbili za kusubiri. Hakimfai anayeongeza lita kila siku.

## 2. Pampu ya presha

Hiki ni kifaa cha mkono chenye geji, kinachofungwa mahali pa mfuniko na kuujaza mfumo hewa bila kuwasha injini.

Kinachoona. Uvujaji wa nje wa aina zote mbili, kiini cha hita, na baadhi ya uvujaji wa ndani. Pampu nyingi huja na adapta ya kupimia mfuniko pia, na hiyo peke yake inatosha kukufanya ukitafute kifaa hiki.

Unavyokifanya. Soma namba kwenye mfuniko. Magari mengi ya Kijapani yana 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita ya mraba. Kwenye geji ya psi (pauni kwa inchi ya mraba), 0.9 ni karibu 13 na 1.1 ni karibu 16. Hiyo ndiyo kikomo chako. Anayepampu mpaka 25 "ili ionekane haraka" anatengeneza uvujaji mpya kwenye rejeta ya plastiki iliyozeeka.

Injini ikiwa baridi na maji yamejaa, lowesha shingo, funga adapta, pampu mpaka namba yako, kisha acha dakika 15 hadi 20. Sindano isipocheza, mfumo baridi uko sawa. Ikishuka, kwanza paka povu la sabuni kwenye adapta yenyewe, maana mara nyingi ndiyo inayovuja. Halafu zunguka na tochi na kioo kidogo cha mkono. Uvujaji uliokuwa unakauka kwa moto sasa utauona unatiririka, kwa sababu chuma kimepoa. Hapa ndipo kioo kinapolipa. Kwenye injini ya Toyota 2AZ-FE ya miaka ya mwanzo ya 2000, iliyofungwa kwenye RAV4 na Camry nyingi, nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku huweza kunyofoka, na maji hutokea nyuma ya injini, upande unaotazama dashibodi, ambako huoni ukisimama mbele ya gari.

Sindano ikishuka na nje ni pakavu kabisa, papasa zulia, angalia bomba la kutolea maji ya AC kama linatoa maji yenye rangi, kisha fikiria silinda. Toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na waya za koili, funika matundu kwa kitambaa, kaa pembeni, mwenzako apige stata sekunde chache. Tundu linalorusha umande ndilo lenye silinda inayoingiza maji. Ukiwa umeiacha presha usiku kucha, usithubutu kupiga stata plagi zikiwa ndani: maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta juu, konrodi (mkono unaoishika pistoni) hupinda. Hapo kazi ya gasketi imegeuka kazi ya injini nzima.

Mfuniko upime mwisho kwa adapta yake. Unatakiwa ushike presha na uachie karibu na namba yake. Ukiachia kwenye 6 au 7 badala ya 13, badilisha. Kwa wanaoishi nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi: Nairobi maji matupu yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, na thamostati (vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto) nyingi hufunguka kati ya 80 na 90. Mfuniko usioshika presha unakuachia nafasi ndogo mno.

Kinapodanganya. Presha ya mwako ndani ya silinda, injini ikiwa na mzigo, ni mara 30 au zaidi ya presha ya rejeta. Ufa mwembamba unaweza kupitisha gesi kutoka silinda kwenda kwenye maji, na bado pampu yako isiweze kusukuma tone kwenda upande wa pili. Kwa hiyo gari linaweza kufaulu hapa na gasketi ikawa imeungua. Pia upo uvujaji wa moto tu. Ukishuku hivyo rudia injini ikiwa vuguvugu, ukijua sindano itapanda au kushuka kidogo yenyewe joto linapobadilika.

Kinamfaa nani. Mwenye upotevu wa wastani bila dalili za gasketi, na yeyote anayetaka kununua rejeta au wota pampu na anataka uhakika kwanza. Muda ni chini ya saa moja. Gereji nyingi za mjini zina pampu hii au zinajua pa kuiazima. Ukiinunua, angalia kuwa adapta ya shingo ya gari lako imo kwenye kisanduku.

## 3. Rangi ya kung'aa na tochi ya UV

Kinachoona. Uvujaji wa nje ulio mdogo sana au unaotokea gari likiwa barabarani tu, chini ya mtikisiko, joto na mzigo, hali ambazo pampu haiwezi kuziiga uani.

Unavyokifanya. Osha injini kwanza na iache ikauke, vinginevyo utakuwa unasoma uchafu wa mwaka jana. Nunua rangi iliyoandikwa ya mfumo wa maji. Ile ya AC na ya oili ina asili ya mafuta, haichanganyiki na maji. Kiasi kimeandikwa kwenye chupa, kifuate bila kuzidisha. Mimina kwenye rejeta au chupa yenye presha, si kwenye chupa ya akiba isiyo na presha, maana huko itakaa siku nyingi kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Endesha kama kawaida siku mbili hadi saba, kisha usiku au ndani ya karakana yenye giza mulika kwa tochi ya UV na miwani ya njano. Anzia juu ushuke. Alama ya juu kabisa inayong'aa ndiyo chanzo, na zilizo chini ni mtiririko wake tu.

Kinapodanganya. Baadhi ya kulanti hung'aa zenyewe, kwa hiyo mulika kabla ya kuweka rangi ujue mwanzo ulikuwaje. Tone lililomwagika wakati wa kumimina litakupeleka kwenye sehemu nzima, basi futa vizuri kwa kitambaa chenye maji. Na kwa maji yanayoingia silinda, rangi haina msaada mkubwa. Kutafuta mng'ao kwenye mdomo wa ekzosi hakunipi imani, kwa kuwa rangi imeshapita kwenye moto.

Kinamfaa nani. Mwenye gari lililofaulu pampu lakini bado linapungua, bila gesi kwenye maji, na anayeweza kuliendesha kwa usalama siku kadhaa. Hakimfai anayetaka jibu leo.

## 4. Kipimo cha kemikali cha gesi

Kwa mwenye hofu ya gasketi hiki ndicho cha kuulizia. Ni bomba la kioo au plastiki lenye kimiminika cha buluu na puto la mpira la kuvutia hewa. Kimiminika hubadilika rangi kikikutana na kaboni dioksidi, na gesi hiyo haina kazi yoyote ndani ya rejeta. Ikiwepo kwa wingi, imetoka kwenye mwako.

Kinachoona. Njia moja tu: mwanya kati ya chumba cha mwako na njia ya maji, iwe ni gasketi, ufa wa hedi, au hedi iliyopinda.

Unavyokifanya. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi. Punguza maji kiasi cha sentimita 5 kutoka shingoni, kwani maji yakivutwa kuingia kwenye kimiminika, kipimo kimeharibika na unaanza upya na kimiminika kipya. Washa injini, zima AC, acha ipate moto mpaka hozipaipu ya juu iwe ya moto, ishara kwamba thamostati imefunguka. Bonyeza mdomo wa kifaa shingoni usipitishe hewa ya nje, kisha vuta kwa puto karibu dakika 2. Pandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika uishike kidogo, urudie. Maji yakianza kupanda, toa kifaa usubiri yashuke.

Buluu ikibaki buluu, hakuna gesi iliyopatikana. Kwa injini ya petroli, njano ni jibu la wazi. Moshi wa dizeli huwa na kaboni dioksidi pungufu kuliko wa petroli, kwa hiyo rangi inaweza kuishia kwenye kijani, na hiyo kijani uichukue kwa uzito. Ukimaliza na rangi bado buluu, vuta hewa kidogo karibu na mdomo wa ekzosi. Isipobadilika hapo, kimiminika chako kimekufa na matokeo yote hayana thamani.

Kinapodanganya. Mwanya mdogo unaofunguka kwa mzigo tu hautoi gesi gari likiwa limesimama. Kipimo kimoja kilichobaki buluu hakitoshi kuisafisha gasketi ikiwa dalili nyingine zinaisema. Rudia baada ya safari ndefu yenye mlima, injini ikishapoa kiasi cha kufunguka salama. Tena, gasketi inaweza kuvuja nje, au kati ya maji na oili, bila kugusa chumba cha mwako, na kemikali haitaona kitu.

Usiyekuwa na kifaa, ipo njia ya mkono. Asubuhi baridi, mfuniko umefungwa, washa injini na ubane hozipaipu ya juu. Ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla ya joto, kuna gesi inayoijaza. Mapovu yanayoendelea shingoni yanasema hivyo hivyo, mradi mfumo umetolewa hewa vizuri.

Kinamfaa nani. Mwenye gari linalochemsha na kupoteza maji kwa pamoja, linalotoa moshi mweupe mzito hata baada ya injini kupata moto, au linalorusha maji kwenye chupa ya akiba. Na mnunuzi wa gari lililotumika.

## 5. Kupima silinda kwa upepo

Kipimo hiki huja baada ya vingine kuonyesha kidole ndani. Pistoni inapandishwa juu kabisa kwenye kiharusi cha kubana, vali zote zikiwa zimefungwa, kisha kompresa inaingiza upepo wa psi 100 hivi kupitia tundu la plagi huku rejeta imejaa hadi shingoni na haina mfuniko. Mapovu yakitokea rejeta, umejua silinda namba ngapi. Upepo ukisikika kwenye ekzosi, kwenye njia ya hewa au kwenye mdomo wa oili, tatizo ni vali au ringi, si maji. Funga krenki vizuri, maana upepo huo unaweza kuizungusha ghafla spana ikiwa mkononi.

Kipimo cha kawaida cha kompresheni ni rahisi zaidi, na kinasaidia pale silinda mbili zilizopakana zinaposoma chini pamoja, dalili ya gasketi iliyokatika kati yao. Lakini gasketi inayopoteza maji kidogo mara nyingi husoma kompresheni nzuri tu. Kwa dizeli usitumie geji ya petroli, kwa kuwa presha yake ni kubwa zaidi na kuingia kwake ni kupitia plagi za moto au nozeli. Kamera nyembamba ya kuunganisha na simu husaidia hapa: pistoni inayooshwa na mvuke huonekana safi, inang'aa, wakati wenzake wana masizi meusi.

Kinamfaa fundi mwenye kompresa, na mwenye gari ambaye kabla ya kulipia hedi anataka kujua ni silinda ipi na kama ni gasketi kweli. Asiyejua kupata kiharusi cha kubana asikianze peke yake.

## Vinavyoharibu vipimo vyote

Dawa ya kuziba ikishamiminwa, pampu inaweza kusoma nzima leo na mbovu wiki ijayo, na dawa hiyo hiyo huziba njia nyembamba za hita na rejeta. Pima kwanza, uamue baadaye. Thamostati iliyotolewa ni tatizo jingine la kawaida kwetu: injini haifiki joto lake, chuma hakitanuki kama inavyotakiwa, na mwanya wa moto unajificha. Rudisha thamostati kabla ya kupima. Na mfuniko wa kuazima kutoka gari jingine, wenye namba isiyo ya gari lako, utakupeleka mbali na jibu.

## Uanze wapi, kulingana na hali yako

Upotevu ni mdogo na geji imetulia: fuatilia wiki mbili kwa selotepu na maka peni, kisha pampu pamoja na kupima mfuniko. Ikifaulu, weka rangi.

Gari lilichemsha mara moja na tangu hapo linapungua: anza na kemikali. Ikigeuka njano nenda kwenye upepo upate silinda, na hedi ikishushwa ipimwe unyoofu na nyufa kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Ikibaki buluu, pampu.

Zulia limelowa au kioo kina ukungu wa mafuta: pampu peke yake yatosha. Kama huna bajeti ya kiini kipya, baadhi ya magari yanaruhusu hozipaipu mbili za hita kuunganishwa pamoja kwa muda. Utapoteza hita, lakini injini itabaki na maji yake.

Dizeli yenye moshi mweupe, kemikali imebaki buluu, pampu inashuka polepole na nje ni pakavu: kabla ya hedi, kipimwe kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kwa kukitenga na kukitia presha peke yake. Kikitoboka hupeleka maji kwenye njia ya moshi, dalili zikafanana mno na za gasketi.

Maji ya rejeta yana ute wa waridi kama maziwa ya sitroberi, na gia boksi ni ya otomatiki: usiendeshe tena, hata kwenda gereji. Livutwe. Maji yakiingia kwenye gia boksi hulegeza gundi ya diski zake, na kila kilomita inaongeza uharibifu. Hapo hakuna kipimo cha kuchagua. Rejeta inabadilishwa na gia boksi inasafishwa siku hiyo hiyo.

Unanunua gari lililotumika: mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta baridi, na ukifika weka mkono juu ya injini kabla ya kusalimiana na boneti. Ukiikuta ya moto, omba kurudi kesho. Fungua rejeta, angalia rangi ya maji na ukoko shingoni, bana hozipaipu wakati wa kuwasha, kisha fanya kemikali. Muuzaji akikataa kemikali lakini akakubali fundi wako alete pampu, pima kwa pampu, na kwenye bei toa gharama ya gasketi na kazi ya hedi, kwa kuwa sehemu hiyo bado haijapimwa.